Waziri Mkuu wa aina gani? Tulinganishe kabla ya kuomba hiki cheo kwenye katiba

Kila mjadala wa katiba ukiwaka huku kwetu Afrika Mashariki, iwe Kenya wakati wa BBI (mpango wa Uhuru na Raila wa kubadili katiba) na baadaye kamati ya NADCO ya 2023 (ya mazungumzo ya serikali na upinzani), iwe Tanzania tangu enzi za Rasimu ya Warioba (ile rasimu ya katiba mpya), lazima atokee mtu aseme tuwe na Waziri Mkuu mwenye nguvu, mwingine anamjibu mbona majirani wanaye na hamna kilichobadilika, basi watu wanakesha wanabishana kumbe kila mmoja ana Waziri Mkuu wake kichwani. Mmoja anamuwaza wa London, mwingine anamuwaza wa Dodoma, wa tatu anamkumbuka Raila wa 2008. Cheo kimoja hicho, kazi tatu tofauti kabisa.

Nimeona niziweke hizi aina ubavu kwa ubavu ili mtu akienda kutoa maoni ajue anaomba nini. Maswali yangu ni matatu tu: nani anamweka, nani anaweza kumtoa, na waziri wa kawaida akipata maagizo mawili yanayopingana anamsikiliza nani. Hilo la tatu ndo zito kuliko yote na ndo watu wengi hawaliulizi.

Tuanze Uingereza maana ndo kwenye chanzo. Kule hakuna siku bunge lilikaa likasema leo tunaunda ofisi ya Waziri Mkuu. Anayehesabiwa wa kwanza ni Robert Walpole, kuanzia 1721, na kwenye makaratasi yeye alikuwa mkuu wa Hazina tu. Mfalme George I alitokea Hanover huko Ujerumani, vikao vya mawaziri akawa haendi, basi kuongoza kikao kukabaki kwa mtu mwenye vitu viwili mkononi: pesa za serikali, na kura za wabunge za kuzipitisha hizo pesa. Nguvu yote ya ile ofisi imetoka hapo, na mpaka 1905 ndo cheo chenyewe kikaingia kwenye orodha rasmi ya itifaki ya nchi, yaani karibu miaka 200 kazi inafanyika na karatasi iko nyuma.

Kwa hiyo pale wanaomweka kwa kweli ni wabunge, mfalme anathibitisha tu, na wanaomtoa ni haohao wabunge. Machi 1979 James Callaghan aliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310, kura moja hiyo, nchi ikaenda kwenye uchaguzi. Na si lazima ifike huko, chama chake kikichoka naye kinamtoa kimyakimya, Margaret Thatcher yalimkuta 1990, na Liz Truss mwaka 2022 hakufikisha hata siku 50. Swali la waziri kupata maagizo mawili halipo kabisa, bosi ni mmoja, mfalme hana maagizo ya kutoa.

Sasa Waingereza walipoondoka huku walituachia mfumo huohuo kama ulivyo. Tanganyika ikapata uhuru 9 Desemba 1961 Nyerere akiwa Waziri Mkuu, Uganda Oktoba 1962 na Obote, Kenya Desemba 1963 na Jomo Kenyatta, na juu yao kukawa na Gavana Mkuu anayemwakilisha Malkia. Angalia kilichofuata: Tanganyika mwaka mmoja tu ikawa jamhuri na cheo kikafutwa, Kenya nayo mwaka mmoja tu, 12 Desemba 1964, Kenyatta akawa Rais na cheo kikafutwa. Uganda ilichelewa kidogo, kuanzia 1963 Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa II akawa Rais wa heshima na Obote akabaki na serikali, mpaka 1966 Obote alipoisimamisha katiba na kujifanya Rais mwenyewe. Nchi tatu, njia tatu, ila mwisho uleule: madaraka yote yakahamia kwa Rais, na tangu hapo Waziri Mkuu akirudi huku kwetu anarudi kuishi chini ya Rais ambaye tayari ana kila kitu. Ukilielewa hili umeelewa nusu ya mjadala wote, kwa sababu watu wanadai cheo cha Walpole wakati nyumba imeshajengwa kwa vipimo vya mtu mwingine.

Njoo Tanzania. Nyerere mwenyewe alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, akamwachia Rashidi Kawawa ili yeye akakijenge chama chake cha TANU, na Desemba aliporudi kama Rais wa jamhuri, Kawawa akawa Makamu wa Rais. Halafu 1972 cheo kikafufuliwa na Kawawa huyohuyo akapewa, ila haikuwa tena kazi ile ya 1962. Mwaka huo ndo serikali ilikuwa inapeleka madaraka mikoani, halmashauri za wilaya zikaondolewa na shughuli zake zikawekwa chini ya wakuu wa mikoa na wilaya, basi akahitajika mtu wa kuifuatilia mashine yote hiyo kwa niaba ya Rais. Kwa hiyo Waziri Mkuu wa pili wa Kitanzania alizaliwa kama msimamizi wa utekelezaji. Mtu wa kutunga dira alikuwa mwingine.

Na katiba mpaka leo inasema hivyohivyo. Ibara ya 52 inampa udhibiti, usimamiaji na utekelezaji wa siku hata siku wa kazi za serikali, inamfanya kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, halafu inaongeza kwamba atafanya na mengine ambayo Rais atamwagiza. Rais anamteua ndani ya siku 14 baada ya kuapishwa, lazima awe mbunge wa jimbo, na haanzi kazi mpaka Bunge limthibitishe kwa kura. Kumtoa kuna milango miwili: Rais mwenyewe, au Bunge kwa kura ya kutokuwa na imani naye chini ya ibara ya 53A, ambayo inahitaji kwanza sahihi za wabunge wasiopungua asilimia 20. Mlango huo wa pili watu wanauona kama pambo, mimi sikubali. 2012 Zitto Kabwe alizunguka na fomu ya sahihi dhidi ya Mizengo Pinda, haikufika kwenye kura lakini baraza la mawaziri likapanguliwa mwezi Mei. Na kabla ya hapo, Februari 2008, Edward Lowassa alijiuzulu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na baraza zima likavunjwa. Huwezi kuniambia Bunge halina meno wakati lishamng'oa mtu bila hata kupiga ile kura yenyewe.

Ila kuna kitu kinaniuma kwenye mfumo wetu na nakisema wazi. Kazi za Waziri Mkuu wa Tanzania zinaweza kukua au kusinyaa bila katiba kuguswa hata nukta. Mfano mzuri ni TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Wakati wa Kikwete ilikuwa Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa hiyo Pinda, ambaye mwenyewe alitokea hukohuko TAMISEMI, alikuwa na halmashauri zote za nchi chini ya ofisi yake, shule za msingi, zahanati, barabara za vijijini, vyote. Desemba 2015 Magufuli anaunda serikali, TAMISEMI ikahamia Ofisi ya Rais, na Kassim Majaliwa akaanza kazi na cheo kilekile, ibara ileile, lakini mkono mzima umekatwa. Majaliwa alikuwa anazunguka wilayani anafoka, anasimamisha watumishi, na wananchi wanampenda kwa hilo, lakini wizara yenye wale watumishi haikuwa ofisini kwake tena. Ukirudi nyuma zaidi kwa Edward Sokoine na ile vita ya wahujumu uchumi ya 1983, watu wanamkumbuka kama Waziri Mkuu mwenye nguvu kuliko wote, na ni kweli alikuwa na nguvu, lakini sheria haikumpa zaidi ya wenzake, nguvu ilitoka kwa Nyerere kumwachia njia. Mfumo unaotegemea Rais amwachie mtu njia ni mfumo wa bahati.

Kwa swali la tatu basi, waziri wa Tanzania akipewa maagizo mawili anamsikiliza Rais, hakuna mjadala, maana Rais ndo kamteua na Rais ndo atamfuta.

Uganda wako karibu sana na sisi hapa. Ibara ya 108A iliingizwa 2005, inamfanya Waziri Mkuu kiongozi wa shughuli za serikali bungeni na mratibu wa utekelezaji wa sera, Rais anateua na Bunge linaidhinisha. Tofauti ni kwamba huko si lazima awe mbunge tayari, inatosha awe na sifa za kuweza kuwa mbunge, na Rais akitengua uteuzi basi imeisha, Amama Mbabazi aliondolewa hivyo 2014. Kitu kingine, ofisi yake imebebeshwa mambo ya maafa, wakimbizi na eneo la Karamoja kaskazini mashariki, kwa hiyo kule ukisema unaenda ofisi ya Waziri Mkuu, watu wengi wanafikiria msaada wa mafuriko au kambi ya wakimbizi. Kwangu hiyo ni kazi ya heshima kabisa, ila si kazi ambayo Mkenya anaiwaza akidai Waziri Mkuu mwenye madaraka.

Kenya sasa. Hapa nikae kidogo, kwa sababu hii ndo aina ambayo watu wanaitamani sana na ndo iliyotesa watu sana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na machafuko yaliyoua watu zaidi ya 1,000, Kofi Annan akawakutanisha Rais Kibaki na mpinzani wake Raila, mkataba ukasainiwa 28 Februari 2008, na Aprili 17 Raila akaapishwa. Kazi yake iliandikwa kuwa kuratibu na kusimamia utekelezaji wa shughuli za serikali. Soma tena ile ibara ya 52 ya Tanzania hapo juu, maneno yanakaribiana mno! Lakini maana ilikuwa tofauti kwa sababu huyu hakuteuliwa na Rais kwa hiari yake, alikuja na nusu ya serikali mkononi, mawaziri kama 40 waliogawanwa kati ya pande mbili, na Rais hakuwa na uwezo wa kumfukuza, ni Bunge tu.

Kwa hiyo swali la kwanza na la pili yalijibiwa vizuri kabisa. La tatu halikujibiwa, na hapo ndo palipasuka. Februari 2010 Raila akatangaza kuwasimamisha mawaziri wawili, William Ruto wa kilimo kwa sakata la mahindi na Sam Ongeri wa elimu kwa pesa za elimu ya bure, kwa miezi mitatu, na siku hiyohiyo Kibaki akatoa taarifa kwamba Waziri Mkuu hana mamlaka hayo na mawaziri wabaki kazini. Wakabaki. Fikiria wewe ni katibu mkuu wa wizara siku ile, barua ya nani unaifanyia kazi? Kusimamia bila uwezo wa kumwadhibu unayemsimamia ni kazi ya kumchosha mtu na kuchosha nchi pamoja naye. Hata hivyo sitaki kuudharau ule mkataba, ulizima moto, watu waliacha kuchinjana, na serikali ileile ya mivutano ndo iliyozaa katiba ya 2010. Kwa kazi ya kuleta amani ulifaa, kwa kazi ya kuendesha serikali haukufaa.

Na Wakenya walikaribia sana kuchukua njia nyingine. Rasimu ya Bomas ya 2004, iliyotoka kwenye mkutano wa taifa wa katiba, ilikuwa na Waziri Mkuu mtendaji, rasimu ya wataalamu ya Novemba 2009 nayo ilikuwa naye, ikaenda kwa kamati ya wabunge kule Naivasha Januari 2010 na wakamtoa wakabaki na Rais peke yake, kura ya maoni ikapita Agosti, na 2013 cheo cha Raila kikafa chenyewe. BBI ikajaribu kukirudisha, Mahakama ya Juu ikauzima mchakato mzima Machi 2022. Mwaka huohuo Ruto, sasa Rais, akamteua Musalia Mudavadi kuwa Mkuu wa Mawaziri, cheo ambacho kazi zake zimetoka kwenye agizo la Rais. Naomba watu wasimchanganye huyu na Waziri Mkuu wa 2008. Agizo la Rais linaweza kubadilishwa na agizo lingine.

Zanzibar nao walikuwa na Waziri Kiongozi, kina Seif Sharif Hamad walikishika hicho cheo, kikafutwa 2010 serikali ya umoja wa kitaifa ilipoingia, na uongozi wa shughuli za serikali kwenye Baraza la Wawakilishi ukaenda kwa Makamu wa Pili wa Rais. Cheo kimekufa, kazi imehamia chumba cha jirani.

Ethiopia ndo kinyume chetu kabisa. Zamani za Haile Selassie Waziri Mkuu alikuwepo, Aklilu Habte-Wold alikaa miaka mingi, lakini alikuwa mtu wa mfalme na neno la mwisho lilikuwa la mfalme. Katiba ya 1995 ikaligeuza: Waziri Mkuu anatokana na wingi wa bunge, ndiye mkuu wa serikali na ndiye amiri jeshi mkuu, Rais ni wa heshima. Meles Zenawi alikuwa Rais wa serikali ya mpito, katiba ilipoanza akahamia kwenye uwaziri mkuu na madaraka yakahamia naye, akakaa mpaka kifo chake 2012. Kwenye karatasi anaweza kutolewa na bunge kama wa London. Lakini uchaguzi wa 2010 chama tawala na washirika wake walichukua viti 545 kati ya 547, sasa nani wa kumtoa? Hapo ndo utaona kuiga ibara bila vyama vingi vyenye nguvu hakuleti London.

Aina ya mwisho ni ya Ufaransa, katiba ya 1958, na Kongo DRC wamechukua kitu cha kufanana nayo kwenye katiba ya 2006. Rais anachaguliwa na wananchi, anamteua Waziri Mkuu, lakini bunge linaweza kumwangusha. Uzuri wake ni kwamba madaraka yanahama kufuata kura: Rais akiwa na wingi bungeni Waziri Mkuu ni msaidizi wake, akiupoteza anaishi na mpinzani anayeendesha serikali, kama Rais Mitterrand na Waziri Mkuu Chirac 1986 hadi 1988, halafu Chirac mwenyewe akiwa Rais na Jospin 1997 hadi 2002. Ubaya umeonekana juzijuzi, bunge limegawanyika hamna mwenye wingi, Michel Barnier akaangushwa Desemba 2024 baada ya miezi mitatu hivi, Bayrou akafuata Septemba 2025. Na Kongo wana kumbukumbu chungu zaidi: Septemba 5, 1960 Rais Kasavubu akatangaza redioni kumfukuza Waziri Mkuu Lumumba, Lumumba naye akatangaza kumfukuza Kasavubu, na ndani ya siku chache Mobutu akaingilia kati na jeshi. Ile ya 2021 ilikwenda kistaarabu zaidi, wabunge walihama upande wakampigia Waziri Mkuu Ilunga Ilunkamba kura ya kutokuwa na imani, akatoka kwa kujiuzulu, nchi ikaendelea. Miaka 60 katikati na tofauti ni kwamba safari hii ilijulikana nani ana haki ya kumtoa nani.

Haya, sasa uchague nini. Mimi naenda hivi.

Kama shida yako ni kwamba serikali inaahidi na haitekelezi, miradi inakwama, wizara haziongei, basi unataka msimamizi, aina ya Dodoma, na usiidharau. Ila usiichukue kama ilivyo, dai sheria iorodheshe idara zipi ziko chini yake na zisihamishwe bila Bunge kukubali, TAMISEMI ikiwa ya kwanza. Kati ya Dodoma na Kampala nachagua Dodoma, kwa sababu ya ile sharti ya ubunge wa jimbo na ile ibara ya 53A.

Kama shida yako ni Rais mwenye madaraka kupita kiasi, msimamizi hatakusaidia hata kidogo, atakuwa anapokea lawama za Rais tu. Hapo chagua aina ya London au Addis Ababa, lakini ukubali na bei yake: wananchi hawatamchagua Rais moja kwa moja tena. Huwezi kumpa mtu kura za nchi nzima halafu ukamwambia akafungue maonyesho na kupokea mabalozi, atazitumia zile kura. Watu wengi ukiwaambia hili wanakataa, na ni haki yao, ila basi wasiendelee kudai Waziri Mkuu mtendaji. Na nchi ambayo chama kimoja kinabeba bunge zima isiiguse hii aina kwanza, ianze na tume ya uchaguzi.

Ya Ufaransa inavutia sana kwenye makaratasi, mimi ningeipendekeza kwa nchi ambayo wabunge wake wanaweza kumpinga Rais na kesho yake bado wakagombea kwa tiketi ya chama chao. Kwa sasa sioni wengi huku kwetu.

Na kama kinachotafutwa ni kumpa nafasi aliyeshindwa uchaguzi ili mitaa itulie, hiyo ni ya Kenya 2008, na ombi langu kwa wanaopigia debe ripoti ya NADCO ni kwamba waseme wazi kama hiki ndo wanachotaka au wanataka kitu kingine. Kama ni hiki basi kiandikwe kwenye mkataba wa muda wenye tarehe ya mwisho, nje ya katiba ya kudumu, na kabla ya sahihi ya kwanza kuwekwa iwepo aya moja inayosema Waziri Mkuu akimsimamisha waziri na Rais akamrudisha, barua ipi inafuatwa na katibu mkuu wa wizara, na nani anaamua ndani ya siku ngapi.